Jina Katika Wimbo wa Milembe

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Ninalo shauri lililonishinda, na likawashinda wengi wenye akili kuliko mimi. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, halafu mtanisaidia.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Eliwaza, nesi wa zahanati, mzaliwa wa Upare aliyepangiwa kazi Usukumani akahamia moja kwa moja. Kipawa chake kilikuwa kutoridhika. Wenzake wakisema "hiyo ni kawaida," yeye anapima tena.

Wa pili ni Mzee Rajabu Semboja, Msambaa wa Korogwe, nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji. Kipawa chake kilikuwa kalamu. Alichokiona leo alikiandika leo, na pale maneno yalipokwama alichora.

Wa tatu ni Daktari Bupe Mwaisumo, mwanamke wa Rungwe, bingwa wa upasuaji wa moyo na mishipa. Kipawa chake kilikuwa mikono isiyojua haraka. Wenzake walimtania kwamba hata chai huikoroga kama anayeogopa kuiamsha.

Watu hawa hawakujuana. Aliyewakutanisha ni Milembe.

Milembe Shigela alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, yule anayesimama mbele ya umati na kuimba peke yake kabla kundi zima halijamjibu. Manju wengi ni wanaume. Milembe hakuomba ruhusa ya mwanamume yeyote. Aliimba tu, wakanyamaza. Sauti yake ilipopanda uwanjani, waliokuwa wakitwanga mtaa wa pili walisimamisha michi ili wasikie maneno. Kundi lake lilikuwa na watu arobaini, na misimu minne mfululizo hakuna kundi lililowatoa uwanjani.

Lakini Milembe alizaliwa na kasoro. Mshipa mkuu wa damu hutoka moyoni, hupanda kidogo, hupinda kama mpini wa mwavuli, kisha hushuka kwenda tumboni na miguuni. Wa Milembe, pale kwenye pindo, ulikuwa mwembamba tangu tumboni mwa mama, umebanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Alipokuwa na miaka sita, madaktari wageni waliokuja nchini kwa majuma mawili walimpasua katika hospitali moja ya mjini. Waliupanua mshipa, wakaushonea kiraka. Mama yake, Nkamba, aliambiwa amrudishe kila mwaka aangaliwe. Mwaka wa kwanza alimrudisha, wa pili akamrudisha. Wa tatu mvua ikakata barabara. Baada ya hapo mtoto anakimbia, anacheza, anaimba. Nani angekumbuka kwamba alikuwa mgonjwa?

Tangu upasuaji ule ikapita miaka ishirini na mitano.

Msimu mmoja, siku chache kabla ya mashindano makubwa ya ngoma, Milembe alikwenda zahanati kuomba dawa ya kichwa. Alisema pia, kwa kugusia tu, kwamba siku hizi akicheza miguu inakufa ganzi, na kwamba nyayo zake ni za baridi hata jua likiwaka.

Eliwaza alimpima presha mkononi. Mia na tisini. Akapima mkono wa pili, ikawa vilevile. Nesi mwingine angeandika vidonge vya presha na kuita "anayefuata!" Eliwaza alimwangalia usoni, akamwambia, "Panda kitandani, dada."

"Kichwa ndicho kinachouma, siyo mguu," Milembe alisema alipoona mkanda wa presha unafungwa mguuni.

"Najua. Tulia hivyo hivyo."

Mguuni ilisoma mia na kumi. Eliwaza alipima tena, kisha akaleta kipimo cha chumba cha wajawazito akapima mara ya tatu. Mia na kumi. Akamwomba Milembe ageuke, akaliona kovu refu lililofifia, likizunguka chini ya bega la kushoto.

"Hili ni la nini?"

"La utotoni. Nilipasuliwa nikapona."

Mganga mfawidhi wa zahanati alisema kipimo kinachosoma hivyo ni kibovu, na mtu haandikiwi rufaa kwa sababu ya mguu. Eliwaza alisimama mlangoni pake na vipimo vyote viwili mikononi, wala hakuondoka mpaka ile rufaa ikaandikwa. Akaikabidhi kwa Milembe. Milembe akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akasema ataenda baada ya mashindano.

Siku ya mashindano, saa tisa alasiri, uwanja ulikuwa umefurika. Kundi la Milembe lilikuwa limejipanga, ngoma zimeshaanza kunguruma, ndipo mwanamke aliyevaa sare nyeupe alipokatiza katikati ya uwanja peke yake. Watu walipiga miluzi. Wengine walidhani ni mchezo. Eliwaza alikwenda mpaka mbele ya manju.

"Nesi, unaniaibisha mbele ya watu wangu," Milembe alimwambia kwa sauti ya chini.

"Weka vidole hapa shingoni. Unasikia?"

Milembe aliweka. Mapigo yalikuwa yakigonga kama nyundo.

"Sasa inama, shika juu ya wayo wako. Kila mtu ana mapigo pale. Tafuta."

Milembe aliinama mbele ya umati ule. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia. Hakusikia kitu.

"Ukipandisha sauti leo kama unavyoipandisha," Eliwaza alisema, "sijui kama utaishusha. Nikikosea, mje mnizomee pale zahanati kila siku. Lakini nenda leo."

Jilala, mpiga ngoma mkuu, alimsogelea kwa hasira akamwambia aondoke. Eliwaza hakusogea. Milembe alitazama watu wake arobaini waliojiandaa mwaka mzima. Kisha akawageuzia mgongo washangiliaji, akatoka uwanjani na nesi. Kundi lake likahesabiwa kuwa limeshindwa bila kuimba hata ubeti mmoja, na jioni ile Eliwaza alirudi nyumbani akitukanwa njia nzima.

Kesho yake, kwenye hospitali ya rufaa, picha ilionyesha mshipa umebana tena palepale pa zamani. Juu ya ule mbano, kando ya kiraka, ukuta wa mshipa ulikuwa umetuna ukubwa wa pera. Aliyesoma picha hakumruhusu Milembe kurudi kitandani kwa miguu yake.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Rajabu.

Milembe alipelekwa katika hospitali kubwa ya moyo, akawa mikononi mwa Daktari Bupe. Daktari alipoiona picha aliuliza swali moja tu: "Karatasi za upasuaji wa kwanza ziko wapi?"

Hazikuwapo. Hospitali ile ya zamani ilikuwa imehama jengo mara mbili, na wale madaktari wageni walikuwa wametawanyika, wengine wameshafariki.

"Mtu akifunguliwa kifua mara ya kwanza, kila kitu kiko mahali pake," Daktari Bupe aliwaeleza Milembe na mama yake. "Mara ya pili, kovu limegandisha vyote pamoja, pafu na mshipa na nyama, kama ugali uliokauka sufuriani. Naingia bila kujua wenzangu waliacha nini wapi. Na kuna jambo jingine, Milembe. Ipo fahamu, yaani neva, nyembamba kama uzi wa kushonea, inayopeleka amri kwenye sauti. Hiyo haiendi kooni moja kwa moja. Inashuka kifuani, inapita chini ya pindo hilo hilo la mshipa, ndipo inapanda. Nikiikata bila kuiona, utaishi, lakini utaongea kwa kunong'ona maisha yako yote."

Mama yake ndiye aliyesema: "Alikuwapo nesi mmoja mwanamume. Siku ile ya kwanza. Alikuwa Msambaa, na alikuwa anaandika, anaandika tu. Nilimwuliza anaandika nini, akasema, anaandika mwanangu alivyo ndani."

Ujumbe ukatumwa kwenye kundi la simu la manesi wastaafu. Siku ya pili simu ya Mzee Rajabu ikalia kule Korogwe. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa daftari la ishirini na tatu, akafungua ukurasa. Ulikuwapo. Penseli imefifia, mishale imepishana, na pembeni maneno mafupi aliyoyajua yeye peke yake. Bintiye alipiga picha ikatumwa. Daktari Bupe aliipanua kwenye simu, akaigeuza huku na huku, akapiga simu.

"Shikamoo mzee wangu. Nauona mchoro, lakini sielewi juu ni wapi na chini ni wapi."

"Marahaba, daktari. Hutaelewa. Mishale ile mtu mwingine ataisoma kinyume, na ukiisoma kinyume utamkata mtoto wa watu. Unapasua lini?"

"Ijumaa. Leo asubuhi amekohoa damu. Siwezi kungoja zaidi."

Sasa sikilizeni. Ijumaa hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya ndoa ya Mwanaidi, kitinda mimba wa Mzee Rajabu, binti yake pekee. Baba ndiye walii, ndiye anayemwozesha binti yake. Siku hiyo haiji mara mbili. Mzee alikaa na Mwanaidi barazani, akamweleza. Mwanaidi alilia, tena alilia sana, kisha akamfungia baba yake maandazi kwenye mfuko. Mzee akamkabidhi mdogo wake uwalii, akapanda basi Alhamisi na daftari kifuani.

Alipofika aliliinamia lile daftari na Daktari Bupe saa tatu nzima. "Hapa kilipo kiraka. Hapa mshipa wa mkono wa kushoto, waliusogeza. Na hapa," akaweka ukucha juu ya kidoa kidogo, "hapa ipo fahamu ya sauti. Haipo mahali pake pa kawaida. Waliihamisha mbele wapate nafasi ya kushona. Nilimwuliza yule mpasuaji, daktari, na siku mtoto huyu akirudi, mwenzako ataijuaje? Akacheka, akaniambia, umeuliza vizuri. Akaweka fundo la uzi wa buluu kando yake. Vidole viwili juu ya ukingo wa kiraka. Uzi ule hauozi. Utaukuta."

"Una hakika, mzee?"

"Niliandika siku ile ile. Kichwa changu kinaweza kudanganya. Daftari hili, hapana."

Sasa tuje kwa Daktari Bupe.

Ijumaa asubuhi, kabla Milembe hajaingizwa, daktari mmoja mkubwa alimvuta Bupe pembeni. Alimtakia mema, wala hakuwa mtu mbaya. "Usihangaike na hiyo fahamu," alimwambia. "Mshipa ule unaweza kupasuka dakika yoyote. Bana, kata, shona, toka. Okoa roho. Sauti ni ziada."

Bupe alikwenda kitandani kwa Milembe. "Nikichagua njia ya haraka, nafasi yako ya kupona ni kubwa kidogo. Nikiitafuta sauti, nitakawia kando ya kitu kinachoweza kupasuka. Ni mwili wako. Niambie."

Milembe alimjibu. "Watu wangu wananijua kwa sauti. Hata mimi nikijitafuta, huko ndiko najikuta. Itafute, daktari. Lakini ukiona ninakwenda, iache."

Chumbani hawakuwa na mgeni hata mmoja. Aliyempa mgonjwa dawa ya usingizi, waliosimamia mashine ya kuzungusha damu badala ya moyo, walioshika vyombo, wote walikuwa watoto wa nchi hii, waliosoma kwenye shule zenye madirisha yasiyo na vioo. Walifungua kwenye kovu lile lile la zamani. Ikachukua saa mbili kulibandua pafu peke yake, punje kwa punje. Kisha ukaonekana ule uvimbe, ukuta wake mwembamba kama ganda la kitunguu, ukidunda.

Damu ilianza kuvuja kabla hawajawa tayari. Bupe aliweka kidole juu ya tundu, akakiacha hapo. "Mwunganisheni na mashine. Mpozeni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Mwili ukapozwa hadi moyo ukasimama. Kibano kilikuwa kimeshawekwa mkononi mwake, na sehemu ya kukibana ilikuwa mbele ya macho yake. Kubana hapo kungemaliza hatari yote kwa pumzi moja. Hakubana. Kwa mkono uliobaki alianza kuondoa kovu taratibu, vidole viwili juu ya ukingo wa kiraka. Saa ya ukutani ilikuwa ikihesabiwa kwa sauti. Dakika nne. Dakika saba.

Dakika ya tisa, katikati ya kovu jeupe, kikatokea kidoa cha buluu.

Kando yake ilikuwapo fahamu, hai, na kibano kingewekwa pale pa kwanza kingeiponda yote. Bupe aliisogeza kwa ncha ya chombo, akabana upande wa juu, akakata kipande kile kibovu, akashona mrija mpya mzunguko mzima bila kurudia hata mshono mmoja. Walipouachia damu, nesi aliyekuwa miguuni aliweka vidole juu ya wayo wa Milembe, akapaza sauti: "Yapo! Mapigo yapo!" Watu wazima wale walishikana mikono wakiwa na glovu zao. Walikuwa wamesimama kwa muda wa saa kumi na moja.

Mzee Rajabu alikuwa kwenye benchi la nje, pamoja na Mama Nkamba. Alipoambiwa kuhusu uzi wa buluu alisema tu, "Naam," kisha akaomba simu ampigie binti yake aliyeolewa.

Milembe alipotolewa mpira wa kupumulia kooni alitoa sauti kavu ya kukwaruza. Alilia. Daktari Bupe alimwambia fahamu imeshtuka, haijafa, ipewe muda. Ulipita mwezi mmoja wa kukwaruza, ukapita wa pili. Mwezi wa tatu, nyumbani kwao, Mama Nkamba alikuwa akipepeta mtama uani aliposikia kutoka ndani sauti ikipanda, ikapanda zaidi, ikakaa juu pale bila kutikisika. Aliuacha ungo ukamwagika.

Sasa ndio tumefika kwenye shauri lenyewe.

Kundi la Milembe lina desturi yake. Manju akirudi uwanjani baada ya kukosa msimu, wimbo wake wa kwanza ni wa sifa, na wimbo huo hubeba jina la mtu mmoja. Halitajwi jina la pili. Mwenye jina hilo huimbwa kila ngoma itakapopigwa, na watoto ambao hawajazaliwa watalijua bila kumwona. Hakuna cheti wala kombe linalofikia heshima hiyo.

Wote watatu walialikwa, na wote walikuja. Eliwaza alikuwa amepiga pasi gauni lake hadi linang'aa. Daktari Bupe alichekwa kwa jinsi alivyokaa kwenye mkeka kwa uangalifu. Mzee Rajabu, alipoulizwa, hakuuma maneno: "Nautaka wimbo huo, sitawadanganya. Lakini wakiutaka hawa wawili, hawana kosa."

Kundi lilikuwa limebishana wiki nzima.

Jilala, yuleyule aliyetaka kumfukuza nesi, ndiye aliyesimama kumtetea. "Apewe Eliwaza. Wale wengine wawili waliitwa wakaja. Huyu nani alimwita? Alikuja peke yake, tukamzomea. Asingekuja, Milembe angeanguka pale mbele yangu, na daftari lingebaki sandukuni, na daktari asingemjua."

Mama Nkamba alitikisa kichwa. "Apewe Mzee Rajabu. Nesi na daktari walifanya kazi zao za mshahara, na Mungu awabariki. Huyu kazi yake ilikwisha zamani. Miaka ishirini na mitano alimtunza mwanangu kwenye karatasi, na mimi mama nilisahau kumrudisha. Tena akaacha kumwozesha binti yake. Bila uzi ule tungekuwa na Milembe asiyeimba, na leo tusingekuwa tunabishana juu ya wimbo."

Lushinge, mume wa Milembe, alizungumza mwisho. "Apewe daktari. Kusema ni hatari ni jambo moja, kuonyesha njia ni jambo la pili. Lakini aliyekuwa na kidole ndani ya kifua cha mke wangu, kifo kikigonga, na njia rahisi mbele yake, ni yeye. Wengi wangejua pa kutafuta. Nani angethubutu kutafuta dakika tisa?"

Hawakupatana. Wakamwachia manju mwenyewe.

Siku ilipofika, uwanja ulijaa kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Ngoma zilinguruma, zikanyamaza. Milembe alisimama katikati, shingo wima. Aliwatazama wale watatu mmoja mmoja. Akavuta pumzi ndefu, akaanza kuimba, na sauti ilikuwa ile ile, wala sitii chumvi, isipokuwa sasa ilikuwa na kitu cha ziada ndani yake. Akasifu mkono uliokataa kuuachia uhai wake. Mikono yote ile ilikuwa imekataa. Tukawa bado hatujui. Kisha akalitaja jina, na uwanja mzima ukasimama.

Nililisikia jina hilo kwa masikio yangu. Sitawatajia. Nikiwatajia mtasema manju kaamua, shauri limekwisha, nanyi mtakwenda kulala bila kufikiri.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekaa hapo, na wewe, na wewe mdogo wangu unayekunja uso: aliyepima mguu, aliyetunza mchoro, na aliyeutafuta uzi. Pumzi ni moja na jina ni moja. Kama ungekuwa wewe umesimama uwanjani pale, ungeliimba la nani?